Nani Atavaa Kofia ya Mama

Galt, Kanada
2 Oktoba 1864

Kaka Adam,

Nakusalimu wewe, namsalimu mama, na namsalimu Mysie wangu mara mbili kuliko nyie. Natumaini magoti ya mama yamepata nafuu kabla baridi haijaanza. Huku tuko salama. Mume wangu Gideon amemaliza kuezeka paa kwa mbao alizopasua mwenyewe. Ng'ombe wetu amezaa ndama mwenye baka jeupe usoni, nami nimempa jina la msimamizi wenu wa shamba, kwa sababu naye anasimama tu getini ananitazama nikifanya kazi. Gideon alicheka mpaka akaangusha nyundo.

Sasa nisikilize. Mysie anakaribia miaka kumi na minne. Wewe ndiye baba, mimi shangazi tu, lakini nimemlea tangu mama yake azikwe, kwa hiyo nitasema. Usimvishe ile kofia. Huko kwetu mtu wa plau hapewi nyumba mpaka aje na mwanamke wa kumfanyia bwana kazi shambani, na kwa miaka kumi na miwili mwanamke huyo nilikuwa mimi. Nilivaa kofia ya mabua, nikang'oa tanipu, ile mizizi ya kulisha mifugo, kwenye barafu ili wewe upate paa. Kwa upande wangu yamepita. Lakini mtoto yule, hapana. Niletee mimi. Hapa kuna shule, na mwalimu wake hachapi hovyo.

Halafu hujawahi kuniambia: nilipoondoka, kofia alivaa nani? Umeajiri msichana wa nani? Anaelewana na mama, au wanagombania sufuria?

Mwambie mama anitumie kijitawi cha yale majani ya mlangoni, yale anayoweka ndani ya Biblia ili ayanuse yeye kanisani, mchungaji akirefusha mahubiri. Nilichokuja nacho kimeisha harufu.

Dada yako,
Elspet


Cauldrig, karibu na Duns
20 Novemba 1864

Dada Elspet,

Barua yako imefika na nimefurahi kusikia habari za paa na ndama. Hapa hatujambo. Tumechinja nguruwe, alikuwa na mafuta mengi kuliko wa mwaka jana, na nyama iko darini kwenye chumvi. Yule farasi mweupe, Bonny, ameanza kuchechemea, lakini plau anavuta. Bell Aitchison wa nyumba ya pili amepata mjukuu mwingine na anasema huyu ndiye wa mwisho, kama vile anamzaa yeye.

Mama yuko kimya siku hizi. Maumivu hana. Anakusalimu.

Mysie amerefuka, anasoma Biblia bila kukwama. Mambo ya Kanada tutayaona mwakani. Mambo ya mwanamke wa shamba tumeyapanga, usijisumbue.

Kijitawi hicho hapo.

Kaka yako,
Adam Purves


Galt
8 Januari 1865

Adam,

Salamu kwa wote. Sisi wazima. Theluji imefunika uzio, ndama amehamia jikoni, na mimi ni mjamzito. Hilo mwambie mama, anapenda kuwa wa kwanza kujua.

Mwambie, kama yupo wa kuambiwa.

Nimekigeuzageuza kile kijitawi wiki nzima. Mama alikuwa anafunga majani yake kwa uzi wa sufu ya kijivu, ule anaofumia soksi. Hiki kimefungwa kwa uzi wa nta, ule wa kushonea hatamu za farasi, na fundo ni lako. Nalijua fundo lako, kaka, nimelifungua kwenye magunia miaka kumi na miwili. Mama angekufa kwanza kabla hajaweka uzi wa farasi ndani ya Biblia yake.

"Mama yuko kimya." Mama? Yule aliyemkatiza mchungaji katikati ya sala kumwambia mshumaa unadondoka?

Na "tumeyapanga." Umeyapanga na nani? Mimi si msimamizi, mimi ni dada yako, usinijibu ukiangalia viatu. Kofia kavaa nani?

Elspet


Cauldrig
12 Februari 1865

Elspet,

Nimefurahi kwa habari ya mtoto anayekuja. Hapa theluji imefika dirishani. Bonny amepona mguu. Bell anakusalimu. Salamu hizi nimeziandika mara tatu kwenye karatasi tatu, maana zikiisha itanibidi niseme.

Mama alikufa. Alikufa Februari ya mwaka jana, ardhi ikiwa ngumu hata kaburi lilichimbwa kwa sururu. Tangu hapo kila "mama anakusalimu" ni uongo wangu. Kijitawi nilikata mimi, na uzi ulikuwa mfukoni mwangu.

Unauliza kofia alivaa nani. Alivaa mama.

Ulipoondoka Aprili na seremala wako, Bwana Renton alikuwa ameshanisemesha tangu Machi. Unajua desturi: bwana asipokusemesha Machi, unajua Mei unahama. Alikuja zizini akaniambia, "Adam, mnakaa?" Nikasema, "Tunakaa, bwana." Na kukaa ni mimi na mwanamke wa shamba. Kisha wewe ukaenda. Sisemi hivi ili nikuchome. Au labda kidogo nakuchoma. Nisamehe hilo kwanza, ni dogo.

Ningeweza kwenda gulio la Duns nikaajiri msichana. Nilijiambia kwamba nyumba ni chumba kimoja, vitanda viwili vya sanduku, msichana wa watu atalala wapi, atakula nini. Hayo ni ya kujiambia. Mama aliitoa kofia msumarini, akaifunga na kitambaa chini ya kidevu, akasema, "Nimevaa hii kabla baba yenu hajaota ndevu. Nipisheni mlangoni." Mimi nikacheka. Nilicheka, Elspet, nikampisha.

Bwana Renton alimtazama akaniuliza, "Huyu bibi?" Nikamjibu, "Ana mikono miwili, bwana." Kama nauza kuku.

Kiangazi kilikwenda vizuri. Aliwatania wasichana wa shambani siku nzima. "Nyie mnapalilia kama mnamkuna paka!" Walimpenda. Wakati wa mavuno aliimba. Nikaanza kuamini kwamba hatukufanya kosa lolote.

Halafu baridi ikaja. Asubuhi ile tanipu zilikuwa zimeshikwa na barafu, unazipiga teke kwanza ndipo zing'oke. Mimi nilikuwa na mkokoteni, nabeba zile anazong'oa na kukata majani. Nilipofika kwake akanyoosha mgongo, akasema, "Adam, mwanangu, mikono siisikii. Nipande mkokoteni nikae kidogo?"

Msimamizi alikuwa getini.

Nikamwambia, "Malizia mstari huu, Mama. Anatutazama."

Akaumaliza. Unamjua, hakuacha mstari njiani maisha yake yote. Nilikwenda kumwaga mzigo, nikarudi, nikamkuta amekaa juu ya tuta, kisu mkononi, kofia imeanguka mgongoni. Nilidhani anapumzika. Nikamwambia, "Inuka, Mama." Nikamwambia tena.

Tulimrudisha nyumbani juu ya tanipu alizong'oa mwenyewe. Hakurudi shambani. Kabla hajakata roho alisema, "Usimwambie Elspet. Mwache msichana aishi." Mwaka mzima nimejificha nyuma ya neno hilo. Lakini sikukuficha kwa ajili yako. Nilikuficha kwa sababu ungeuliza ilikuwaje, nami ningelazimika kukuandikia habari ya ule mstari.

Sasa nimeiandika.

Adam


Cauldrig
5 Machi 1865

Elspet,

Tuko wazima. Jibu lako haliwezi kuwa limefika, meli hazina mabawa, lakini mbwa wa Bell akibweka nachungulia kama ni mtu wa posta.

Siwezi kungoja. Barua iliyopita niliimaliza kama mtu aliyetubu yote, na kuna jambo moja nililolikalia.

Nilikuambia Mysie anasoma. Mysie aliacha shule wiki ile ile tuliyomzika bibi yake. Kofia ilikuwa kubwa, akaijazia kitambaa kwa ndani isimzibe macho. Sikumwamuru. Niliiacha tu imening'inia msumarini pale mlangoni, nikaenda kulisha farasi, nikijua kabisa atafanya nini. Niliporudi alikuwa ameshaivaa. Ndivyo nilivyompata mwanamke wangu wa shamba. Mikono yake sasa ni kama ilivyokuwa yako, imepasuka kwenye maungio, usiku anaipaka mafuta ya nguruwe.

Jana Bwana Renton alikuja zizini kunisemesha. "Adam, wewe na msichana wako mnakaa? Anafanya kazi kuliko yule bibi." Nilikuwa nimeapa moyoni. Nilikuwa na maneno yangu tayari, nimeyafanyia mazoezi kwa farasi. Nikafungua mdomo nikasema, "Tunakaa, bwana."

Mysie alikuwa nyuma ya Bonny na ndoo ya maji, hata sikumwona. Tulikula mkate wetu. Halafu akaniambia, "Baba, ungeniuliza."

"Ungesema nini?"

"Ningesema ndiyo. Lakini ungeniuliza."

Akainuka akaosha bakuli.

Nina miaka arobaini na sita. Namwogopa mtu ambaye hajawahi hata kunipiga. Anasimama tu, ananiuliza swali, na mimi nampa mtu wa nyumbani kwangu. Nimempa watatu sasa, na wewe wa kwanza. Wewe pia sikukuuliza.

Adam


Galt
9 Aprili 1865

Adam,

Sina salamu.

Barua zako mbili zimefika pamoja. Gideon alinisomea ya kwanza kwa sababu mikono yangu ilikuwa na unga, na alipofika kwenye mkokoteni akaishusha barua, nikamwambia soma. Unga ule niliutupa. Sikumbuki kwa nini.

Nilimfumia mama shali. Mwezi wa kumi na moja nilikuwa nafuma shali ya mtu aliyezikwa Februari, na wewe ukaniacha nifume.

Ndani ya barua hii kuna tiketi ya meli ya Mysie, inatoka Glasgow mwisho wa Mei. Kuna mke wa mchungaji anasafiri nayo, atamwangalia. Jina kwenye tiketi ni lake, kwa hiyo usianze kujihesabia. Siku ya kuhama haijafika, na hata kama umeshasema "tunakaa," mimi nilishaonyesha kwamba mtu anaweza kuondoka baada ya neno hilo kusemwa. Asipokuja, usiniandikie tena mpaka ufe, na ukifa mtu mwingine aniandikie.

Kuna jambo kuhusu mama na ile kofia ambalo ningeweza kukuambia. Sitakuambia leo. Leo nataka kosa hili ulibebe peke yako.

Elspet


Duns, kwa fundi viatu Lumsden
28 Mei 1865

Elspet,

Nakusalimu wewe na Gideon na huyo mtoto aliyeko njiani. Mysie ameondoka. Barua hii huenda imo kwenye meli yake hiyo hiyo, sijui.

Tiketi ilipofika nilimwita nikamweka kitini. Nikamwambia, "Shangazi yako amekuletea tiketi ya Kanada. Safari hii nakuuliza."

Akasema, "Nikienda, nyumba je?"

"Sijakuuliza habari ya nyumba."

Akaigeuza tiketi pande zote. "Na uji nani atakupikia?"

"Mimi."

"Utauunguza."

"Nitaula hivyo hivyo."

Akaikunja tiketi, akasema, "Basi naenda." Akaanza kulia, mara ya kwanza tangu bibi yake afe.

Nikaenda kwa Bwana Renton. Nilivua kofia. Nikamwambia, "Bwana, msichana anaenda Kanada kabla ya siku ya kuhama."

"Tuliongea Machi, Adam."

"Tuliongea mimi na wewe, bwana. Yeye hakuongea."

"Naweza kukupeleka mahakamani."

"Unaweza, bwana."

"Acha upuuzi. Lete mwingine. Huna dada? Huna ma—" Hapo akakumbuka, akatazama pembeni. Ndiyo mara ya kwanza nimemwona naye akitafuta pa kuweka macho.

Nikasema, "Sina mwingine wa kukupa."

Akasema, "Basi na mimi sina nyumba."

Hakunipeleka mahakamani. Lakini neno lilienea, na gulio la Duns nilisimama na kishada cha majani makavu kofiani, alama ya mtu anayetafuta bwana, mpaka wauza mikate wakafunga meza. Mabwana walikuwa wanauliza jambo moja tu, "Una mwanamke?" Mmoja aliniuliza kama sina hata shangazi. Vijana wakacheka.

Siku ya kuhama ilipofika, barabara ilijaa mikokoteni ya watu, saa za ukutani, kuku kwenye vikapu, bibi wa watu kakaa juu ya kitanda cha sanduku kashika paka. Mimi hakuna bwana aliyenitumia mkokoteni. Vitanda vyetu nilimwachia Bell. Sasa napasua mawe ya barabara, na fundi Lumsden kanipa dari nilale. Sikuelezi ili unihurumie. Ulitaka nilibebe peke yangu, nakuambia tu nilipoliweka.

Nilimsindikiza Mysie stesheni kwa miguu. Nilikuwa nimepanga kumwambia habari ya ule mstari wa tanipu, nikaona asiende bila kujua baba yake ni mtu wa namna gani. Nilianza, "Mysie, siku ile bibi yako alipoanguka..."

"Najua, Baba," akasema. "Wasichana waliniambia siku yangu ya kwanza shambani."

Mwaka mzima na zaidi. Amevaa kofia ile, amepika uji wangu, amenipa chumvi mezani, anajua.

Kofia ameondoka nayo. Nilimwambia aiache, iungue. Akasema, "Ni ya bibi. Na nasikia jua la kule kali." Sikuwa na haki ya kumnyang'anya.

Usimpeleke kwenye tanipu. Najua hutampeleka. Naandika tu kwa sababu ni kitu cha baba kuandika.

Adam


Galt
16 Julai 1865

Adam,

Nakusalimu. Amefika salama, amekonda, ana viatu vizuri. Nimeona kisigino kimeshonwa upya, najua ni wewe na yule fundi viatu. Mtoto wetu amezaliwa, msichana. Gideon alitaka aitwe kwa jina la mama. Nilikataa. Sikuweza kuliita jina hilo kila asubuhi.

Sasa nakuambia lile nililokunyima.

Asubuhi niliyotoroka, mama alikuwa macho. Nilikuwa na furushi la nguo kwapani, nikamwambia, "Mama, Adam ameshasema tunakaa. Nikienda itakuwaje?" Akaitazama ile kofia msumarini. Akasema, "Nenda. Inanitosha." Adam, nilisikia vizuri. Nilijua maana yake. Nilimwangalia mtu wa miaka sitini na nne, magoti yake yale, nikambusu, nikaenda. Halafu nikakuandikia wewe, "Kofia alivaa nani?" kama mtu asiyejua, nikangoja unitajie msichana yeyote, hata wa uongo. Ungenidanganya ningelala. Ndiyo maana nilikuchukia hivyo uliposema kweli.

Sijakusamehe ule mstari. Usiniulize lini. Lakini haukuwa wako peke yako, na niliposema uubebe peke yako nilikuwa mwongo kuliko wewe.

Mysie hasemi habari zako. Nimemwonyesha kitanda chake, nimemwonyesha shule, nimemwambia apumzike mpaka Septemba. Amenisikiliza kwa adabu. Asubuhi ya kwanza nilimsikia ameamka kabla yetu. Nikatoka, nikamkuta kizingitini amevaa kofia ya mama, kitambaa kimefungwa chini ya kidevu, mikono ameiweka mbele kama tunavyosimama kule tukingoja msimamizi.

Akaniuliza, "Shangazi, huku niko chini ya nani?"

Nikamwambia, "Hakuna aliye juu yako, mwanangu. Rudi ulale."

Hakurudi. Alibaki pale mlangoni na kofia yake, ananitazama kwa adabu, anangoja nimpe jibu.

Elspet